Uanze na Lililotoka Kwanza, au Pale Hadithi Ilipoanzia? Ulinganisho kwa Wacheza Gemu za Matoleo Mengi

Mpwa wangu alishuka kwenye meli ya Nansio akiwa amekumbatia begi kifuani kama mtu aliyebeba trei la mayai. Ndani mlikuwa na PS4 ya mtumba aliyotumiwa na kaka yake wa Dar. "Shikamoo mjomba," akasema, na kabla sijamaliza kuitikia marahaba akatupa la pili: "God of War naanzia wapi? Mmoja mtandaoni kasema Ascension, mwingine kasema ile ya 2005, mwingine anasema za zamani zote achana nazo. Na GTA je?"

Swali hilo si geni kwangu. Enzi za PS2 nilikuwa na banda la gemu Mabatini: TV nne za chogo, mabenchi ya mbao, na daftari la kuandika nani kaanza saa ngapi. Wakati ule hakuna aliyehangaika na mpangilio. Ulicheza CD ambayo haijachubuka, basi. God of War II tuliimaliza kabla hata ya kuiona ya kwanza. Na mpaka leo wapo watu wazima hapa Mwanza, wenye wake na watoto, wanaoamini GTA San Andreas ni gemu ya kuruka angani na kuiba vifaru tu, kwa sababu hawakuwahi kumaliza hata misheni tano. Walikuwa na karatasi ya chiti mfukoni, zile kodi za kuidanganya gemu.

Sasa chaguo lipo, na limekuja na mkanganyiko wake.

Njia kubwa ni mbili. Ya kwanza ni kufuata tarehe ya kutoka: lililotengenezwa mwanzo unalicheza mwanzo. Ya pili ni kufuata kalenda ya hadithi: kama toleo la tano linasimulia utoto wa shujaa, unaanza na hilo la tano. Ni kama safari ya Sengerema. Unaweza kuvuka na kivuko pale Kamanga, au ukazunguka kwa Usagara upite daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa mwaka 2025. Sengerema ni ile ile, ila mlichokiona njiani si kimoja. Ipo na njia ya tatu, ambayo vijana wengi wanaifuata bila kuipa jina: unaanza na toleo jipya kabisa, likikunogea unarudi nyuma.

Mimi ni mtu wa tarehe ya kutoka. Nalisema mapema usije ukadhani nimekuja hapa kama refa.

Tuanze na GTA, maana ndiyo inayoonyesha tofauti waziwazi kuliko zote. Chukua zile tano za enzi ya PS2 uziweke pembeni kwa pembeni:

Kwa tarehe ya kutoka: GTA III (2001), Vice City (2002), San Andreas (2004), Liberty City Stories (2005), Vice City Stories (2006).

Kwa kalenda ya hadithi: Vice City Stories (mwaka 1984), Vice City (1986), San Andreas (1992), Liberty City Stories (1998), GTA III (2001).

Umeona? Ya kwanza kutoka ndiyo ya mwisho kwenye hadithi, na ya mwisho kutoka ndiyo ya kwanza. Zile tatu za katikati, Vice City, San Andreas na Liberty City Stories, hazihami.

Sasa mtazame Victor Vance. Katika Vice City Stories yeye ndiye unayemwendesha, saa na saa, mwanajeshi anayetaka pesa ya kumtibu mdogo wake na anayezidi kuzama kwenye biashara ambayo hakuitaka. Lakini mtu huyo huyo anauawa dakika za mwanzo kabisa za Vice City, kwenye mauzo yanayoharibika bandarini, hata hujashika pedi. Mtu wa kalenda anamaliza kumlea Victor, anaweka CD inayofuata, na kabla hajakaa sawa kwenye benchi Victor kashafariki. Anabaki ameduwaa. Mtu wa tarehe ya kutoka amekwisha kumzika Victor miaka minne nyuma bila hata kumjali, alikuwa sura tu. Halafu anapewa Vice City Stories na kila akicheka naye anajua mwisho wake. Hizo ni ladha mbili. Ya kwanza ni kofi. Ya pili ni ile ya kumtazama marehemu kwenye mkanda wa harusi. Watengenezaji walitengeneza ya pili, na mimi nafuata mpishi alivyokusudia.

Mfano mwingine ni mtamu zaidi. GTA III inafunguka na wizi wa benki: mwanamke anayeitwa Catalina anamgeuka mpenzi wake Claude, anampiga risasi na kumwacha chini. Claude hasemi neno hata moja gemu nzima. Miaka mitatu baadaye, kwenye San Andreas, CJ, shujaa wa gemu hiyo, anakutana na Catalina, anaachwa, na anatambulishwa kwa mpenzi mpya: jamaa mmoja kimya, haongei kabisa. Banda zima lilipiga kelele siku ile. Wale waliocheza III walikuwa wanapiga meza, wanamwonea huruma yule bubu ambaye hajui kinachomsubiri. Wale ambao hawakucheza waliuliza, "Kwani nani huyo?" Kwa kalenda, tukio lile linakuwa jamaa asiyeongea aliyepita tu. Kwa tarehe ya kutoka, ni utani ambao umeusubiri miaka mitatu.

Hoja ya mkono, yaani uchezaji wenyewe, nayo ipo, na hii wengi hawaifikirii mpaka waumie. Kila toleo linaongeza kitu. GTA III haina pikipiki kabisa. Kijana wa Mwanza aliyezoea bodaboda kila kona anatafuta mtaa mzima asione hata moja. Vice City ikaleta pikipiki. San Andreas ikaleta gym, chakula, kunenepa na kukonda, na jimbo zima lenye miji mitatu. Ukienda kwa tarehe ya kutoka, kila CD inakupa zawadi. Ukienda kwa kalenda, unatoka San Andreas yenye kila kitu, unaishia III ambako unanyang'anywa kimoja kimoja. Hadithi inasonga mbele, mkono unarudi nyuma.

Upande wa kalenda nao una haki yake, nisiufiche. Kama umeshazicheza zote mara moja, mara ya pili zicheze kwa kalenda. Utaona jinsi miji inavyokua na majina yanavyopanda na kushuka. Kwa mara ya pili ni raha kweli. Kwa mara ya kwanza ni kumeza mbegu ukatupa tunda.

Kwa mwenye simu tu: III ilikuja kwenye simu mwaka 2011, Vice City 2012, San Andreas 2013, na Liberty City Stories 2015. Vice City Stories haikuja. Hiyo unaipata kwenye PSP (PlayStation ya mkononi) au PS2 yenyewe, au kwenye simu kwa programu ya PPSSPP inayoifanya simu ijifanye PSP. Ule mkusanyiko wa tatu zilizong'arishwa uliotoka Novemba 2021 ulipigiwa kelele nyingi kwa kasoro zake ulipotoka, ingawa baadaye ulirekebishwa. Mimi CD za zamani zinanitosha, lakini macho yangu ni ya TV ya chogo, usiyaamini sana.

GTA IV (2008) na V (2013) zina dunia yao; majina ya miji yamerudi, watu hawakurudi. Unaweza kuanza na IV bila kugusa za PS2 na usikose kitu. Ila usiruke The Lost and Damned, nyongeza ya IV ya mwaka 2009, kabla ya V. Kuna mtu wa humo anatokea kwenye V kwa muda mfupi sana, na ufupi huo ndio unaouma.

Turudi kwa swali lenyewe la mpwa wangu, God of War.

Aliyemwambia aanze na Ascension alikuwa anafuata kalenda. Ascension ilitoka 2013 kwenye PS3, ikiwa ya saba kwa zile kubwa na ndogo ukihesabu na ile ya simu za zamani, lakini hadithi yake ni ya mapema kuliko zote zilizoitangulia. Baada yake kalenda inakupeleka Chains of Olympus (2008, PSP), kisha God of War ya 2005, kisha Ghost of Sparta (2010, PSP), kisha II (2007), III (2010), ile ya 2018, na Ragnarök (2022).

Shida ni hii. Ile ya 2005 inaanza na Kratos, shujaa wa mfululizo mzima, amesimama ukingoni mwa jabali, anajitupa baharini. Hujui kwa nini. Hujui kwa nini ngozi yake ni nyeupe kama majivu. Gemu nzima inakula siri hiyo taratibu, kipande hapa, kipande pale, mpaka inakufikia tumboni. Ascension yenyewe ilitengenezwa kwa watu ambao siri hiyo wanaijua tangu miaka minane iliyopita, kwa hiyo haina sababu ya kuificha. Ukianza nayo, umesomewa jibu la fumbo kabla ya kutegewa. Hakuna mtu Usukumani anayeanza kitendawili na jibu.

Kuna jambo lingine: II na III hazitenganishwi. II inakatika katikati ya vita, III inaanza pale pale, sekunde ile ile, mguu ule ule uko mlimani. Watu wa mwaka 2007 walisubiri miaka mitatu. Wewe usiweke hata Ghost of Sparta katikati.

Kwa hiyo kwa mwenye uwezo wa kuzipata zote nasema: 2005, II, III, halafu zile mbili za PSP kama kashata baada ya kahawa, Ascension ukiikuta, ndipo 2018 na Ragnarök. Mashine inayobeba zote za Ugiriki ni PS3: ya 2005 na II ziliwekwa pamoja kwenye mkusanyiko wa 2009, za PSP kwenye mkusanyiko wa 2011, na III na Ascension ni za hapo hapo nyumbani. Ndiyo maana PS3 ya mtumba, ambayo watu wanaidharau siku hizi, bado ni mali kwa mpenzi wa Kratos.

Lakini mpwa wangu ana PS4. Kwenye PS4 yupo na III iliyong'arishwa mwaka 2015, ya 2018, na Ragnarök. Akianza na III anaingia sinema ikiwa imefika katikati. Je, aanze na 2018 moja kwa moja?

Hapa nilijibishana na nafsi yangu muda mrefu, maana hapa njia ya tatu ina nguvu. Ile ya 2018 inamkuta Kratos kahamia nchi za kaskazini, ana mwana, Atreus, na mwanawe huyo hajui baba yake alikuwa nani. Kamera imekaa begani, haikatiki tangu mwanzo mpaka mwisho. Mtu aliyecheza za zamani anakaa upande wa baba: anajua kila kilichofichwa, na kila mtoto akiuliza swali yeye ndiye anayebanwa kifua. Mtu asiyecheza anakaa upande wa mtoto: anaona baba mkali, kimya, mwenye bandeji mikononi, naye anataka kujua kama Atreus anavyotaka. Zote mbili zinafanya kazi. Sijaona mfululizo mwingine ambao kuanza mwishoni kunakupa kiti kizuri namna hii.

Hata hivyo kuna sehemu, sitaisema yote, Kratos anarudi nyumbani peke yake na kufunua mbao za sakafu. Mimi nilisimama. Rafiki yangu aliyeanza na 2018 aliendelea kutafuna karanga. Na Valhalla, ile nyongeza ya bure ya Ragnarök ya Desemba 2023, inarudi kwenye mambo ya Ugiriki moja kwa moja. Bila za zamani ni kama kusikiliza wazee wakikumbushana msiba usioujua.

Resident Evil ina fundo la aina yake, kwa sababu humo swali si toleo gani tu, ni toleo lipi la toleo hilo. Ya kwanza ilitoka 1996 ikatengenezwa upya 2002. Ya pili, 1998, ikatengenezwa upya 2019. Ya tatu, 1999, upya 2020. Ya nne, 2005, upya 2023. Ya tano (2009) na ya sita (2012) hazijaguswa. Ya saba (2017) ikahamisha kamera ndani ya macho na kuleta mtu mpya, Ethan Winters, na Village (2021) ikaendelea naye.

Mtu wa kalenda ataambiwa aanze na Zero ya 2002, kwa sababu hadithi yake iko siku moja kabla ya ile ya kwanza. Nakuomba usifanye hivyo. Zero inakupa watu wawili wa kuwaongoza kwa wakati mmoja na mifuko midogo, unashinda unaweka vitu sakafuni na kuvirudia kama dagaa wa kuanika. Ni gemu ya aliyekwisha kuupenda mfululizo. Anayeanza nayo atauchukia.

Kwa mgeni, nalinganisha milango miwili tu. Wa kwanza ni ya pili iliyofanywa upya 2019: hofu nzuri, mkono laini, hadithi inajitegemea vya kutosha. Toka hapo nenda ya tatu, ya nne iliyofanywa upya, halafu jikaze kwa ya tano maana mkono utarudi nyuma kidogo. Mlango wa pili ni ya saba, kama unataka kuogopa hasa na hutaki historia ya mtu. Kwa mwenye PS4 yote haya yapo. Ya pili na ya tatu zinapishana kwa muda, matukio yake ni ya siku zile zile za Septemba 1998, kwa hiyo hapo kalenda haina faida yoyote. Cheza yoyote kwanza, ila ya pili ni bora, na ya tatu ni fupi.

Ya tano niiseme kidogo, hata kama imetoka nje ya mada. Imewekwa kwenye eneo la kubuni liitwalo Kijuju, eti Afrika Magharibi, na maadui zake wanaitwa Majini. Sasa siku ya kwanza tumeiwasha bandani, hao Majini wakaanza kufoka, na kijana mmoja akasimamisha gemu: "Jamani, hawa si wanaongea Kiswahili?" Ni kweli, ni Kiswahili. Magharibi ya wapi hiyo wanakofokeana Kiswahili, mimi sijui, lakini jioni ile hakuna aliyecheza. Tulikuwa tunamwacha Chris, shujaa wetu, auawe makusudi ili tusikie wanasema nini.

Metal Gear Solid nayo inawapa watu wa kalenda hoja yao nzuri kabisa, na papo hapo aibu yao kubwa kabisa. Hoja ni Snake Eater, ile ya tatu. Ilitoka 2004 lakini hadithi yake ni ya 1964, inaeleweka bila kujua chochote, na mchezo wake ni mzuri hata leo. Ilitengenezwa upya mwaka 2025. Anayeanza hapo hapotei. Aibu ni kinachofuata. Kalenda inakupeleka Peace Walker (2010, hadithi ya 1974), kisha Ground Zeroes na The Phantom Pain (2014 na 2015, hadithi ya 1975 na 1984), halafu, ukiwa umezoea kutambaa porini na farasi na helikopta, kalenda inakutupa kwenye Metal Gear ya mwaka 1987 ya kompyuta ya MSX2. Ni kutoka juu ya daraja la Busisi kurudi kwenye mtumbwi wa kasia. Hapo wengi wanaacha kimya kimya.

Kwa tarehe ya kutoka unaanza na ile ya 1998 ya PS1, na humo kuna Psycho Mantis, jini mtu anayesoma memori kadi yako na kukutajia gemu nyingine za Konami ulizosevu. Ili umpige inabidi uchomoe pedi uihamishie tundu la pili. Tulikuwa tunawaacha wageni wahangaike nusu saa kabla ya kuwaambia. Walikuwa wanalipa kwa muda, sikuwa na haraka. Ya pili (2001) inakuchezea akili kwa kutegemea kwamba ya kwanza umeicheza. Usipoicheza, utani wote unakupita juu ya kichwa. Ya nne (2008) inafunga kila uzi na ina sinema ndefu kiasi kwamba umeme ukikatika katikati yake unaweza kulia. Basi mpangilio wangu ni ule ule wa kutoka, na za 1987 na 1990 unasoma muhtasari tu, si dhambi.

Nimesema mimi ni mtu wa tarehe ya kutoka, lakini kuna mahali ninavunja sheria yangu bila aibu: Yakuza. Ya kwanza ni ya 2005. Yakuza 0 ilitoka miaka kumi baadaye, 2015, na hadithi yake ni ya 1988, kabla ya zote. Anza na hiyo. Kwa nini hapa ndiyo na kule kwa Kratos hapana? Kwa sababu baada ya 0 waliijenga upya ya kwanza, Kiwami ya 2016, wakaongeza vipande vinavyotegemea umeshapita 0. Mwenye nyumba mwenyewe kahamisha mlango wa mbele. Kwa God of War hajauhamisha. Ascension ni dirisha la nyuma.

Kwa hiyo ukikutana na mfululizo ambao sijautaja, usiulize "kipi cha kwanza kwa hadithi?" Uliza kama lile la kwanza limejengwa upya baada ya lile linalosimulia ya kale. Kama ndiyo, kalenda inaweza kushinda. Kama hapana, shika tarehe.

Assassin's Creed naipitia haraka: za 2007 mpaka 2012 zina hadithi ya Desmond katika siku za leo inayoenda toleo kwa toleo, kwa hiyo hizo zifuate zilivyotoka. Ukizipanga kwa kalenda utaanza na Odyssey ya 2018 iliyoko Ugiriki ya kale, karne tano kabla ya Kristo, na Desmond atakuwa mtu asiye na kichwa wala miguu. Kuanzia Black Flag (2013) kuendelea chukua unayoipenda. Final Fantasy kila namba ni dunia yake. Anza popote, ila X-2 baada ya X, na kwa VII iliyofanywa upya, Rebirth (2024) baada ya Remake (2020). Na mpira? Kuna mtu aliniuliza aanze na PES ipi. Mdogo wangu, mpira chukua ya mwaka huu, au ile PES ya PS2 ambayo mtaa wako bado unaibishania.

Baki la mwisho ni la nyumbani. Mpangilio wowote utakaochagua, hesabu mashine, umeme na sehemu ya kusevu kabla ya kuhesabu hadithi. Kupakua God of War moja ni makumi ya GB, bando la mwezi mzima. CD ya mtumba ni nafuu, na ukiimaliza unabadilishana na mwenzako. Za zamani zinasevu pale tu zinapotaka zenyewe, kwa hiyo kama mtaa wenu umeme una mazoea ya kuondoka saa mbili usiku, usianze misheni ndefu saa moja na nusu. Na memori kadi ya PS2 ni MB 8 tu. Bandani kwangu dogo mmoja aliwahi kufuta God of War ya mtu iliyokuwa imebaki bosi wa mwisho, ili apate nafasi ya Master League yake ya PES. Mwenye gemu alikuwa mvuvi, alitoka ziwani siku tatu baadaye. Sitaki kusimulia. Kama mnacheza wawili, kila mtu na kadi yake.

Mpwa wangu nilimpa haya yote tukila sato wa kuchoma karibu na soko la Kirumba. Akafikiri, akasema PS4 ataiacha kwangu kwanza. Anataka ile PS2 yangu ya vumbi, God of War ya kwanza na ya pili, na GTA III. Nikamwambia III aipe walau jioni tatu hata kama inamchosha, Claude na Catalina watamlipa mbele ya safari. Nikamfungia na kadi mbili.

Siku ya pili jioni simu ikaita kutoka Nansio.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Umefika wapi?"

"Mjomba, huyu bubu wako nimemwangusha kwenye maji, kafa pale pale. Nimejaribu kila kitufe. Hajui kuogelea?"

Nikamwambia hajui, kuogelea kumekuja na San Andreas. Kimya kidogo, nikasikia TV nyuma yake na watoto wa kisiwani wakicheka.

"Mtu mzima namna hii," akasema. "Anakaa mji wa maji pande zote."